Mashine ya Hesabu na Mkono wa Serikali

Wazee wetu walisema: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hili ni kweli dukani, ni kweli nyumbani, tena ni kweli zaidi kwa serikali. Mtawala asiyejua watu wake ni wangapi, wala ghala zake zina nini, hutawala kama mtu apapasaye gizani. Siku hizi daftari la serikali limo katika kompyuta, na kazi iliyowachukua makarani mwezi mzima humalizika kwa dakika chache. Basi yatupasa tujiulize: je, daftari la namna hii humfanya mtawala atawale vema zaidi, au humpa nguvu tu? Na tutazame mfano wa nchi moja, Chile ya Amerika ya Kusini.

Mwaka 1970 Salvador Allende alichaguliwa kuwa Rais wa Chile, na serikali yake ikatwaa viwanda vingi. Upesi ikatambua kuwa kumiliki ni jambo moja, na kuongoza ni jambo jingine. Mwaka 1971 mtumishi kijana wa serikali hiyo, Fernando Flores, alimwomba msaada Mwingereza Stafford Beer, bingwa wa elimu ya uongozi. Mpango wao uliitwa Cybersyn. Viwandani ziliwekwa teleksi, yaani mashine za kupelekeana maandishi kwa waya. Habari za malighafi, za mazao na za wafanyakazi wasiofika kazini zilipelekwa Santiago, mji mkuu, zikatiwa katika kompyuta. Nayo ililinganisha hesabu mpya na za siku zilizopita, ili kuonya mapema palipo na dalili ya upungufu.

Tuangalie sana kanuni moja ya mpango huo. Kiwanda kikipata taabu, onyo lilipaswa kwenda kwanza kwa kiwanda chenyewe, nacho kipewe muda wa kujirekebisha. Kikishindwa, ndipo habari ipande ngazi ya juu. Msomaji Mkatoliki ataona kuwa kanuni hii yafanana na ile aliyoifundisha Papa Pius XI mwaka 1931 katika barua yake Quadragesimo Anno, kwamba ni kosa kubwa kumnyang'anya mdogo kazi awezayo kuifanya mwenyewe.

Oktoba 1972 wenye malori waligoma, nchi ikakaribia kusimama. Hapo teleksi zilionyesha nguvu zake. Kila siku zilipita habari zipatazo 2,000, na serikali ikajua njia ipi imefungwa, lori liko wapi, na chakula chahitajiwa wapi. Mgomo ule haukuiangusha serikali. Lakini hakuna mashine iwezayo kuondoa uhasama uliokwisha kuwagawa wananchi. Tarehe 11 Septemba 1973 majeshi yaliipindua serikali, Allende akafa siku hiyo hiyo, na mpango wa Cybersyn ukaachwa.

Je, nguvu ya habari ilikufa pamoja nao? La, hasha. Novemba 1975, katika mji ule ule wa Santiago, walikutana wakuu wa upelelezi wa nchi kadhaa za Amerika ya Kusini. Mapendekezo yaliyoletwa mbele yao yalitaja hazina moja ya habari za watu waliohesabiwa kuwa maadui, na teleksi za kupelekeana maandishi ya siri. Ndivyo ilivyoanza Operesheni Condor, iliyowawinda wapinzani hata ng'ambo ya mipaka, na wengi wakateswa na kuuawa. Chombo kilikuwa cha namna ile ile. Jana kilitumika kuuliza, "Chakula kimepungua wapi?" Leo kikatumika kuuliza, "Fulani amejificha wapi?"

Tujifunze nini hapa? Kwanza, kompyuta huongeza nguvu za mtawala. Haimwongezei haki wala huruma. Pili, kinga ya raia ni mpaka uliowekwa mapema kwa sheria: habari hii yaandikwa kwa kazi gani, na nani ana ruhusa ya kuisoma. Maana mtawala wa leo, hata akiwa mwema, daftari lake hulirithi mwingine asiyemjua. Tatu, daftari lisiwe moja tu, mkononi mwa wakubwa. Tangu Januari 1976 Kardinali Raúl Silva Henríquez wa Santiago alikuwa na ofisi ya Kanisa iliyoitwa Vicaría de la Solidaridad, iliyowatetea walioonewa na kuandika habari za waliotoweka. Tume ya ukweli iliyoundwa nchini humo mwaka 1990 ilizitumia kumbukumbu hizo. Hivyo daftari la wanyonge lilishuhudia yale ambayo wenye nguvu waliyaficha.

Basi, enyi wazazi, tukiitwa kuandikisha majina yetu na ya watoto wetu, twende kwa unyofu, maana serikali isiyojua hesabu ya watu wake haiwezi kugawa shule wala dawa kwa haki. Lakini tuulize pia, kwa adabu na bila woga: majina haya yatatunzwa na nani, na kwa kazi gani? Kuuliza hivyo si uasi. Ni wajibu wa raia mwema, aipendaye nchi yake leo na kuwafikiria watakaoishi humo kesho.