Watalii wakikosa kuja, shamba linaguswa namna gani?

Wandugu wamemba wa koperative, wengi wanafikiri utalii ni mambo ya wazungu na mahoteli. Katika somo hili tunachukua mfano wa Parke ya Virunga wakati wa korona, kwa sababu kuko wengi kati yenu wenye mashamba yanayopakana nayo.

Parke hii ilianzishwa mwaka wa 1925, ni ya zamani kuliko zote katika Afrika. Mwezi wa 5 mwaka wa 2018 ilifungia watalii juu ya usalama, ikawafungulia tena mwezi wa 2 mwaka wa 2019. Kazi ilianza kurudi polepole. Halafu, mwezi wa 3 mwaka wa 2020, ikafunga tena. Mipaka na njia za ndege zilikuwa zimefungwa, lakini kulikuwa pia sababu ya pili: gorila, wale tunaowaita ngagi, wanaambukizwa magonjwa ya kifua ya watu. Wa milimani wamebaki kidogo zaidi ya 1 000 tu katika dunia nzima, na mtu mmoja mwenye kukohoa angeweza kuangusha familia nzima.

Sasa tufuate feza. Mgeni alilipa dola 400 kwa kibali cha kuona ngagi, bila kuhesabu kulala na kula. Kwa chakula chake kuko mtu aliyelima viazi, aliyefuga kuku, aliyebeba mboga kwa chukudu, na mama aliyefua mashuka. Mgeni asipofika, hao wote wanakosa siku moja. Mkulima ndiye anayeumia kwa namna ya pekee: hoteli inaweza kufunga mlango na kungoja, lakini nyanya haingoji.

Na mazingira je? Kuko waliosema kwamba pori lilipumzika. Ni kweli, kelele za magari zilipungua. Sisi hatukubali kwamba hiyo ndiyo habari yote. Nyumba yenye njaa inaingia porini kutega mitego na kuchoma makala, na Goma inanunua makala kila siku, korona ao bila korona. Jirani zetu wa Uganda waliona hilo mapema. Mwezi wa 6 mwaka wa 2020, katika pori la Bwindi, ngagi dume mkubwa aliyeitwa Rafiki alipatikana amekufa kwa mkuki. Aliyemuua alisema alikuwa anawinda wanyama wadogo, na ngagi akamrukia. Alihukumiwa miaka 11. Hatusemi njaa inamuondolea mtu kosa, lakini mtego wa nguruwe pori haujui kuchagua.

Huku kwetu, walinzi walibaki kazini wakati mapato ya wageni yalikuwa yamekatika. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka wa 2020, walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo.

Turudi kwa koperative. Tuseme munauza mifuko 20 ya viazi kila mwezi, na 14 inaenda kwa nyumba moja ya wageni. Bei yake ni nzuri kuliko ya soko, kwa hiyo kila mtu anafurahi. Lakini 14 kwa 20 ni asilimia 70. Siku nyumba ile inafunga, munapeleka mifuko yote 20 sokoni mara moja, wachuuzi wanaiona imerundikana, na bei inashuka hata kwa ile 6 mliyokuwa munauza vizuri.

Katika mukutano ujao, katibu alete daftari ya mauzo ya miezi 12. Andikeni kila mnunuzi na mifuko yake, kisha gawanyeni kwa jumla. Mkikuta zaidi ya nusu iko kwa mmoja, tafuteni mnunuzi wa pili mbele ya kupanda, hata kama analipa kidogo chini. Baada ya kuvuna, ni yeye atakayepanga bei.