Nyota za Dar es Salaam: Upe Mji Mgongo, Fuata Tarehe ya Mwezi

Mkazi wa Dar es Salaam akisema anataka kuona nyota, huambiwa aende Mikumi, au asubiri likizo ya kijijini. Ushauri huo si mbaya, ila unamchelewesha bure. Jiji limekaa pwani: mashariki yake ni Bahari ya Hindi, ambako hakuna mtaa wala kituo cha mafuta, na kusini, ukishayaacha makazi ya Kigamboni, taa zinapungua haraka. Kilomita zina umuhimu wake, lakini kinachoamua zaidi ni upande unaoutazama na tarehe ya mwezi uliyoichagua.

Nyota zenyewe hazijapungua. Taa isiyo na kofia hurusha sehemu ya mwanga wake juu na pembeni, mwanga huo ukagonga vumbi, moshi na mvuke wa bahari, ukatawanyika, na anga zima likapata weupe. Anayerudi usiku kwa basi kutoka Morogoro huuona weupe huo mbele yake muda mrefu kabla ya kuona taa yenyewe hata moja. Mahali penye giza kamili, macho matupu yanaweza kufikia nyota kama 9,000 kwa anga lote linaloizunguka dunia, nusu yake zikiwa juu ya upeo kwa wakati mmoja. Katikati ya Kariakoo ukihesabu makumi machache, shukuru. Si sisi peke yetu: ramani ya dunia iliyotolewa na watafiti mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na taa, na kwamba mtu mmoja kati ya watatu hawezi kuiona Njia Nyeupe, ule mkanda wa ukungu wa nyota unaokatiza anga, akiwa nyumbani kwake.

Tuanze na mwezi, kwa sababu ndio unaowaharibia watu safari zaidi kuliko taa za jiji. Mwezi mpevu hufuta nyota ndogo hata katikati ya pori. Kwa kazi hii kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inakutosha, huhitaji programu ya simu. Tarehe 14 au 15 mwezi huchomoza jua likizama na kukaa angani usiku kucha, kwa hiyo usiku huo kaa nyumbani. Baada ya hapo huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Ikifika tarehe 20 utachomoza kati ya saa nne na saa tano usiku, na kabla yake utakuwa na saa kadhaa za giza safi. Kuanzia tarehe 22 hivi hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, jioni zote ni zako. Wala huna haja ya kukesha. Huku karibu na ikweta magharibi hupita upesi: mwezi Julai, kwa mfano, saa moja na nusu usiku anga limeshakuwa jeusi. Wenzetu wa Ulaya kaskazini mwezi huohuo hulisubiri giza mpaka karibu na usiku wa manane, na wengine hawalipati kabisa.

Mvua nazo zina zamu zao. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, ni miezi ya kubahatisha. Msimu wa kweli ni kipupwe, Juni hadi Septemba, na baada yake zile wiki kavu za Januari na Februari. Kipupwe kina kasoro yake, moshi wa mashamba yanayochomwa, lakini mvua moja ya ghafla huliosha anga, na usiku unaofuata ndio wa kuutafuta. Mvua za vimondo zinazosifiwa magazetini kila mwaka, ile ya mapema Mei na ile ya Desemba 13 na 14, zote mbili zinaangukia ndani ya mvua zetu. Usizifungie safari.

Sasa mahali. Kwa maoni yangu ufukwe wa kusini unashinda pengine pote. Vuka kwa pantoni au kwa Daraja la Nyerere, endelea hadi Kimbiji au mbele zaidi kuelekea Pemba Mnazi. Huko mwanga wa jiji unabaki nyuma yako, upande wa kaskazini-magharibi, na mbele yako kusini na mashariki ni giza. Hilo ni jambo kubwa, kwani nyota nzuri kuliko zote tulizojaliwa ziko kusini. Bagamoyo pana utulivu wake na chakula kizuri, lakini ukiwa huko Dar es Salaam iko kusini yako, na weupe wake unakaa palepale unapotaka kutazama. Kisarawe na vilima vya Pugu ni chaguo la kati: karibu, pamenyanyuka kidogo juu ya vumbi la jiji, na mwanga unabaki upande mmoja tu. Asiyeweza kutoka kabisa aende ufukwe wowote wa Msasani au Kunduchi, ajikinge na taa za hoteli nyuma ya ukuta au mti, atazame baharini. Zile taa chache atakazoziona kwa mbali ni za meli zilizotia nanga zikisubiri zamu ya bandari.

Usiende peke yako. Mweleze mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji mnachokuja kufanya, maana kundi la watu wasiofahamika wamekaa gizani bila taa lazima liulizwe maswali, na ni haki yao kuuliza. Vaa viatu vilivyofunika mguu, jua maji yatajaa saa ngapi, na beba kitu cha kujifunika. Usiku wa Julai pwani una baridi yake ukikaa bila kutembea.

Mkifika, zimeni kila kitu. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na kuangalia ujumbe mmoja kwenye simu kunarudisha kazi yote mwanzo. Funika tochi kwa karatasi nyekundu ya plastiki; mwanga mwekundu hafifu hauliharibu jicho kiasi hicho.

Vitabu vingi vya kigeni vitakuambia uanze kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini. Viweke kando. Kutoka Dar es Salaam nyota hiyo iko karibu nyuzi saba chini ya upeo. Mwezi Julai na Agosti, mapema usiku, inua uso karibu na utosi, kidogo kusini: kundi la nyota liitwalo Nge linaonekana zima, mkia umepinda, na moyo wa nge huyo, mwekundu, ni nyota Antares. Pembeni mwa mkia ndiko kwenye kitovu cha Njia Nyeupe, kinachopita juu kabisa kwetu wakati Ulaya kinajikokota kwenye upeo. Msalaba wa Kusini uko upande wa kusini-magharibi, na nyota mbili angavu zinazouelekezea. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Kantauri, iliyoko miaka ya nuru zaidi kidogo ya minne kutoka kwetu. Januari na Februari ni zamu ya kundi la Jabari na nyota angavu Shira na Suheli; hiyo Suheli manahodha wa majahazi waliitumia kujua kusini. Darubini ya kawaida ya macho mawili, iliyoandikwa 7x50 au 10x50, inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Itakuonyesha hata miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii, tena ukiwa katikati ya jiji, kwani sayari na mwezi haviogopi taa.

Ukitaka kupima giza la mtaa wako, hesabu nyota za Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, usiku wa Januari. Ukiona sita, una bahati. Ukiona wingu dogo tu lisilohesabika, taa zimekuzidi. Mradi wa kimataifa uitwao Globe at Night umekuwa ukikusanya hesabu za namna hii kutoka kwa watu wa kawaida tangu mwaka 2006, na hesabu za miji ya Afrika zinahitajika sana. Hesabu hizo ndizo zilizowawezesha watafiti mwaka 2023 kuonyesha kwamba anga lilizidi kung'aa kwa wastani wa karibu asilimia 10 kila mwaka kati ya 2011 na 2022, ingawa nyingi zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini.

Kuhusu taa za nyumbani, hofu ya wezi inaeleweka, lakini taa kali iliyoelekezwa barabarani humpofusha mlinzi na kumtengenezea mwizi kivuli cha kujificha. Ielekeze chini, iwekee kofia, au funga ile inayowaka mtu akipita. Hata umeme wa LUKU ulioulipia utadumu zaidi. Unaponunua balbu ya LED ya nje, soma boksi: 6500K ni nyeupe yenye ubuluu, na ubuluu ndio unaotawanyika zaidi angani. Chagua 3000K au chini ya hapo. Wenye nyumba na hoteli za ufukweni Kigamboni wana sababu ya ziada, kwa kuwa kasa hutaga kwenye fukwe hizo, na vifaranga vikitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga. Zamani mwanga ulikuwa baharini. Taa ya baraza huvivuta kuelekea barabarani, ambako hufa. Na ikiwa taa inayokusumbua ni ya barabara ya mtaa, anzia ofisi ya serikali ya mtaa, kisha TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Omba igeuzwe au iwekewe kofia, usiombe izimwe, maana ombi la kuzima taa ya barabarani hakuna atakayelisikiliza.