Ndege Wahamao: Kumtambua Mgeni na Kumtofautisha na Mharibifu

Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Aprili, ndege wengi wasioonekana miezi mingine hufika katika kata za tambarare za Wilaya ya Moshi, zikiwemo Mabogini, Kahe na Arusha Chini. Mkulima aliyekwisha kupoteza mpunga kwa kwelea kwelea huelekea kuliona kila kundi kuwa kundi la wezi. Somo hili linaeleza wageni hao ni nani, wanakula nini, na mkazi anaweza kuwatazama wapi.

Watokako

Majira ya baridi yanapoingia Ulaya na Asia ya kaskazini, wadudu hutoweka na maji huganda. Ndege wanaotegemea wadudu na viumbe wa matopeni hulazimika kuhamia kusini. Zamani watu wa Ulaya hawakulijua jambo hili. Wapo walioamini kwamba mbayuwayu hujificha kwenye tope la mabwawa hadi baridi ipite. Mwaka 1822 korongo mweupe alipatikana Ujerumani akiwa na mshale wa Kiafrika uliomchoma shingoni. Alikuwa amesafiri nao toka Afrika. Mwaka 1911 mbayuwayu alivishwa pete mguuni nchini Uingereza, naye akapatikana Afrika Kusini mwezi Desemba 1912. Ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi alikuwa amevuka bara zima.

Korongo mweupe hasafiri kwa kupiga mabawa tu. Hupanda juu kwa msaada wa hewa ya moto inayoinuka ardhini, kisha huteleza angani hadi mahali pengine penye hewa ya namna hiyo. Kwa kuwa hewa hiyo ni haba juu ya bahari, korongo wengi wa Ulaya ya mashariki huizunguka bahari kwa kupitia Uturuki na Sinai, kisha hufuata bonde la Mto Nile hadi Afrika Mashariki.

Mgeni na mharibifu

Kwelea kwelea ana mdomo mfupi, mnene, wenye nguvu ya kupasua mbegu. Mara nyingi mdomo huo ni mwekundu. Huruka katika makundi makubwa yaliyoshikana na kutua juu ya masuke. Yeye hatoki Ulaya, bali huzunguka ndani ya Afrika akifuata mvua na nafaka.

Mbayuwayu ana uzito unaokaribia wa kwelea kwelea, lakini mdomo wake ni mdogo na mkia wake umegawanyika kama uma. Hukamata wadudu angani, wala hali mpunga. Vitwitwi, wenye miguu mirefu na midomo myembamba, hutafuta wadudu na minyoo katika tope la majaruba. Korongo mweupe ana mabawa yenye ncha nyeusi, na mdomo na miguu myekundu. Asichanganywe na yangeyange afuataye ng'ombe, ambaye ni mdogo zaidi na hana manyoya meusi. Korongo huyo hula panzi, nzige na viwavijeshi. Anayemuua anampunguzia mkulima msaidizi asiyelipwa.

Mahali pa kuwatazama

Mashamba ya mpunga ya Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, huwavutia ndege wa tope hasa majaruba yanapokuwa na maji. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 na kulishwa na mito Kikuletwa na Ruvu, lina kingo pana za matope na majani. Kwa ziara ya wanafunzi au familia, maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, hufikika kwa barabara inayochepuka Usa River.

Wakati mzuri ni alfajiri au jioni. Mtazamaji avae nguo zisizong'aa, alipe jua kisogo, anyamaze, na asikaribie viota wala makundi yanayopumzika. Darubini husaidia, ila si sharti: mdomo, mkia na namna ya kula hutosha kuanzia.

Wajibu wa mkazi

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inazuia uwindaji bila kibali, na ndege wa porini wamo. Kutega kwa sumu ni hatari zaidi, kwa kuwa sumu haichagui: humuua kwelea kwelea, mbayuwayu, kipanga atakayekula mzoga, na yaweza kumfikia mtu aliyemwokota ndege huyo kwa kitoweo.

Kwa hiyo, makundi ya kwelea kwelea yanapoonekana, mkulima atoe taarifa mapema kwa afisa ugani wa kata ili udhibiti ufanywe na wataalamu. Baada ya kunyunyizia, watoto wasiruhusiwe kuokota ndege walioanguka. Ndege wengi wakikutwa wamekufa bila sababu kujulikana, wasiguswe kwa mikono mitupu. Afisa mifugo aarifiwe. Atakayemkuta ndege mwenye pete mguuni anakili maandishi yote ya pete hiyo na kuyafikisha kwa afisa wanyamapori wa wilaya pamoja na tarehe na jina la mahali. Ni kwa taarifa za namna hiyo safari ya yule mbayuwayu wa mwaka 1911 ilijulikana.