Nyanya Kando ya Jiko: Mara Nyingi Tatizo ni Maji, Si Mdudu



Nyanya ni kiungo kinachohitajika katika mapishi ya kila siku, na kila tunda linalonunuliwa hupunguza fedha ya matumizi mengine ya nyumbani. Kaya isiyo na eneo kubwa inaweza kupunguza gharama hiyo kwa kutunza miche 5 au 6 kando ya jiko. Somo hili linaeleza namna ya kufanya hivyo, pamoja na kosa moja linaloweza kuhatarisha afya ya familia.

Chombo na udongo

Ndoo chakavu ya lita 20 au kiroba cha nafaka hutosha kwa mche mmoja. Toboa matundu chini ili maji yasituame. Udongo mweusi wa mbuga hunata unapolowa na hupasuka unapokauka, ilhali udongo wa kichanga hupitisha maji upesi. Kwa hiyo changanya sehemu 2 za udongo na sehemu 1 ya samadi iliyooza vizuri. Udongo ukiwa wa mbuga, ongeza sehemu 1 ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kamwe usitumie chombo kilichowahi kuhifadhi kiuatilifu, hata kama kimeoshwa.

Mbegu na miche

Tanya na Tengeru 97, mbegu zilizotokana na utafiti uliofanyika Tengeru, mkoani Arusha, zinafahamika kwa wakulima wengi nchini. Tanya haikui kwa urefu mkubwa, hivyo inafaa mahali padogo. Sia mbegu kitaluni chini ya kivuli chepesi, kisha hamisha miche baada ya wiki 4 hivi, wakati wa jioni, na kuimwagilia papo hapo. Weka chombo mahali penye jua kwa angalau saa 6 kwa siku. Simika kijiti na ufunge shina kwa ulegevu, ili majani na matunda yasiguse udongo. Mavuno huanza takriban miezi 2 na nusu hadi 3 baada ya kuhamisha miche.

Maji

Mche wenye matunda, ukiwa ndani ya ndoo, huhitaji kiasi cha lita 1 hadi 2 kwa siku, kutegemea ukali wa jua. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Maji yenye sabuni nyingi hayafai. Mwagilia shinani asubuhi, si juu ya majani, kwa kuwa majani yaliyolowa hukaribisha magonjwa ya ukungu. Funika udongo kwa nyasi kavu au maganda ya karanga ili unyevu usipotee.

Jambo la msingi ni utaratibu. Mche unaopata lita 1 kila siku hustawi kuliko ule unaoachwa siku 4 kisha ukamwagiwa ndoo nzima. Udongo unapokauka na kulowa kwa kushtukiza, madini ya chokaa hayafiki vyema kwenye tunda, na sehemu ya chini ya tunda huwa nyeusi na kubonyea. Hali hii huitwa kuoza kitako. Haisababishwi na mdudu wala haiambukizi, na hakuna dawa ya kunyunyizia wadudu inayoweza kuiponya. Ondoa matunda yaliyoathirika, rekebisha umwagiliaji, na matunda yanayofuata yatakuwa mazuri.

Sumu ya pamba isiingie bustanini

Hapa ndipo penye kosa tulilolitaja. Kata yetu inalima pamba, na baadhi ya kaya hubakiwa na viuatilifu msimu unapokwisha. Mtu anapoona tunda jeusi, hudhani ameshambuliwa na wadudu, akachukua chupa hiyo na kunyunyizia nyanya. Tatizo halitibiki, na sumu hubaki kwenye tunda. Pamba hailiwi ikiwa mbichi. Nyanya huchumwa kila baada ya siku chache, huingia kwenye kachumbari, na watoto huila papo hapo bustanini. Tumia tu kiuatilifu kilichosajiliwa, ambacho lebo yake inataja nyanya, na uheshimu idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Mdudu halisi hutambulika kwa dalili zake. Kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, huacha njia nyeupe ndani ya majani na matundu madogo kwenye matunda. Kwa miche michache, kagua kila asubuhi, chuma majani na matunda yenye dalili, yafunge ndani ya mfuko na kuuanika juani mpaka viwavi wafe. Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, ilhali udongo una unyevu, ung'oe na kuuchoma. Usipande tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo katika udongo huo.

Ukiwa na shaka, chuma jani au tunda lenye dalili na umwoneshe Afisa Ugani kabla ya kununua dawa yoyote. Kwanza jiulize: je, jana na juzi mche huu ulipata maji?