Uwanja Unaopigana Nawe: Maswali na Majibu kwa Wabunifu wa Gemu Kandokando ya Ziwa

Vijana wa Kisumu wanaojifunza kutengeneza gemu wana hamu moja kubwa: kuona ufukwe wa Dunga, mawe ya Kit Mikayi na visiwa vya Mbita vikiwa viwanja vya mapigano kwenye skrini. Hamu hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mandhari mazuri hayatoshi kuwa uwanja mzuri. Haya hapa ni maswali ninayoulizwa mara kwa mara, pamoja na majibu yangu.

Gemu ya mapigano ya majukwaa inatofautianaje na Tekken tunayoijua?

Katika Tekken kila mpiganaji ana mstari wa uhai. Ukiisha, raundi imekwisha. Super Smash Bros., gemu ya majukwaa iliyotoka Japani mwaka 1999 chini ya uongozi wa Masahiro Sakurai wa HAL Laboratory, iliuondoa mstari huo. Kila pigo linampandishia aliyepigwa asilimia, na kadiri asilimia inavyopanda ndivyo anavyorushwa mbali zaidi. Hafi mpaka avuke mpaka usioonekana, uwe wa pembeni, wa juu au wa chini.

Kwa hiyo umbali ndio uhai wa mchezaji. Katika toleo lililofuata, Melee ya mwaka 2001, pigo linalomtoa mtu kwenye Yoshi's Story, uwanja mdogo wenye mipaka ya karibu, laweza kumwacha hai kwenye Dream Land, ambako dari iko juu na pembeni kuna nafasi. Mbunifu akisogeza mpaka kidogo tu, amebadilisha nguvu ya kila mpiganaji. Ndiyo maana nasema anza na vipimo, picha zitafuata.

Niweke majukwaa mangapi?

Kabla ya kuhesabu, jiulize kila jukwaa lina kazi gani. Kati ya viwanja vya Smash, Battlefield ina matatu yanayoelea juu ya sakafu: mawili chini, moja juu katikati. Final Destination haina hata moja. Tofauti hiyo inabadilisha pambano zima. Pasipo na majukwaa, anayerusha silaha kutoka mbali anatawala, na aliyerushwa juu hana pa kutua ila sakafuni, mahali mpinzani wake anapomsubiri. Yakiwepo matatu, anaweza kutua kushoto, kulia, juu au chini, na mpinzani lazima abashiri.

Jukwaa zuri humpa kila upande la kufanya: aliye juu apate mapumziko mafupi, na aliye chini aweze kumfikia kwa pigo la kwenda juu. Jukwaa ambalo aliye chini halifikii ni maficho. Na jukwaa ambalo kila anayepanda anapigwa litaachwa tupu.

Nataka kutumia mawe ya Kit Mikayi. Mbona mnatuambia viwanja vikubwa ni vibaya?

Ukubwa wenyewe si kosa. Kosa ni njia ya mzunguko. Hyrule Temple ya Melee ni uwanja mpana wenye vyumba vya juu na vya chini. Mchezaji mwenye mbio aliyetangulia anaweza kumzungusha mwenzake humo hadi muda uishe, na katika mashindano ya Melee muda huo huwa dakika nane. Watazamaji wanabaki wakiangalia mbio badala ya pambano. Temple haimo kwenye orodha ya viwanja vya mashindano.

Kit Mikayi, pale Seme kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, ni mawe makubwa yaliyopandana yenye nyufa za kupenya. Ukiyachora kama yalivyo, umejenga Temple nyingine. Chukua kilele chake tu. Jiwe pana liwe sakafu, mawili madogo yawe majukwaa, na nyufa zibaki kwenye picha ya nyuma. Hapo hakuna atakayekimbia milele, na bado kila Mluo atakayepaona atapatambua.

Je, kuta?

Chukulia Thimlich Ohinga kule Migori, boma la mawe yaliyopangwa bila saruji, lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake zinavutia sana, na mbunifu atashawishika kuzisimamisha pande zote mbili za sakafu. Asifanye hivyo. Mpiganaji aliyepigwa kuelekea pembeni atagonga ukuta na kurudi mkononi mwa mpigaji, apigwe tena na tena bila kutoka wala kujinasua.

Ukuta una faida ukiwa chini ya ukingo wa sakafu, upande wa shimo. Gemu ya Brawlhalla huruhusu mpiganaji kushika ukuta wa ubavuni na kuruka tena. Rivals of Aether, iliyotoka 2017, iliondoa kabisa kuning'inia ukingoni na kuwategemeza wachezaji kwenye mruko wa ukutani. Huko ukuta humpa aliyeanguka njia ya kurudi, na mpinzani naye anaijua njia hiyo na anaweza kuilinda.

Uwanja unaweza kuwa na vitu vinavyosogea? Ziwa letu halitulii.

Unaweza, kwa sharti kwamba mchezaji ajue mapema kinachokuja. Yoshi's Story ina wingu linaloelea kwa ratiba isiyobadilika. Aliyeikariri hujiokoa nalo. Majukwaa mawili ya pembeni ya Fountain of Dreams hupanda na kushuka. Mti wa Dream Land hupuliza upepo unaomsukuma mchezaji bila kumuumiza. Viwanja hivyo vitatu vimechezewa kwenye mashindano ya Melee kwa miaka mingi. Brinstar, ambamo tindikali hupanda na kuwaunguza walio chini, iliondolewa, kwa sababu uwanja ulianza kupiga kuliko wachezaji.

Ziwa linatupa kitu bora kuliko wingu: gugu maji. Tangu miaka ya 1990 wakazi wa Ghuba ya Winam wameliona likisafiri kwa upepo na kuziba gati na fukwe. Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, usiku hugeuka. Basi jenga uwanja wa Dunga wenye gati la mbao katikati na tandiko moja la gugu maji linaloelea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kabla halijaanza kusogea, mafunjo ya nyuma yainame kuelekea upande linakokwenda. Likubali uzito wa mtu kwa muda mfupi, kisha lizame. Aliyerushwa majini ana tumaini, na anayemwinda ana sekunde za kuhesabu. Hapo mazingira ya kwetu yamekuwa kanuni ya mchezo.

Na mwonekano? Nimewaza usiku wa wavuvi wa omena na taa zao.

Ni wazo zuri sana, na lina hatari mbili. Ya kwanza ni macho. Taa zinazometameta nyuma ya wapiganaji huficha mapigo madogo. Zififishe, ziweke mbali karibu na upeo wa macho, na ukingo wa sakafu uwe na mstari wa rangi isiyotumika kwingine.

Ya pili ni mashine. Fountain of Dreams yenye mwakisi wa maji ilikuwa ikipunguza kasi ya Melee wanapocheza watu wanne, hivyo ikaondolewa kwenye mapambano ya wawili kwa wawili. Wachezaji wako wengi watatumia simu za kawaida. Mwakisi unaopunguza kasi ya mchezo haufai, hata ukipendeza namna gani.

Uwanja mmoja unatosha?

Hautoshi. Katika mashindano, wachezaji huondoa viwanja kwa zamu hadi kibaki kimoja, na utaratibu huo una maana tu ikiwa viwanja vinatofautiana. Tengeneza vitano: kitupu, cha majukwaa matatu, kidogo, kipana, na kimoja kinachosogea. Kila mpiganaji apate anachokipenda na anachokiogopa.

Nianzie wapi wikendi hii?

Chora kwa penseli kwenye karatasi ya miraba. Kisha jenga kwa maboksi ya kijivu katika Godot, ambayo ni programu ya bure, au katika kijenzi cha viwanja kilichoongezwa kwenye Super Smash Bros. Ultimate mwaka 2019. Usipake rangi bado. Waite marafiki wacheze, nawe uandike mambo matatu: wanafia wapi, wanasimama wapi muda mrefu, na sehemu gani haikanyagwi kabisa. Wakifia upande mmoja tu, mipaka haiko sawa. Wakikwama mahali pamoja, umewajengea maficho. Pasipokanyagwa, paondoe.

Maboksi ya kijivu yakishawafanya waombe raundi nyingine, ndipo ulete mafunjo, mawe na mitumbwi. Mchezaji wa Nairobi au Tokyo asiyewahi kufika Dunga ataupenda uwanja huo kwa sababu unampa maamuzi magumu kila sekunde, na kwa kuucheza atajua upepo wa ziwa huvuma kutoka wapi.