Moyo Nao Unapiga Msuli

Wanachuo wenzangu, wiki ya mitihani ikifika kila mtu anapiga msuli. Ila kuna kiungo kimoja kinachopiga msuli mwaka mzima bila likizo: moyo. Ukipiga mara 70 kwa dakika, kwa siku ni zaidi ya mara 100,000. Sasa moyo huo ukichoka, mbona mara nyingi daktari haandiki dawa ya kuuchangamsha, anaandika ya kuupunguzia mzigo? Jibu liko kwenye homoni za jamii ya peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino.

Seli ya moyo inavyojikunja

Kila pigo linategemea kalsiamu. Umeme ukipita kwenye seli, kalsiamu kidogo inaingia kutoka nje, nayo inafungulia kalsiamu nyingi iliyohifadhiwa kwenye ghala ndani ya seli. Kalsiamu hiyo inashikana na protini iitwayo troponini, ndipo nyuzi za miosini zinapata nafasi ya kuzivuta nyuzi za aktini. Seli inajikunja. Ili ilegee, pampu lazima zirudishe kalsiamu ghalani. Kwenye moyo uliochoka pampu hizo zinakuwa dhaifu: seli hailegei vizuri, na pigo linalofuata linakuta ghala halijajaa. Nguvu inapungua.

Msaada unaogeuka mzigo

Moyo ukisukuma damu kidogo, figo zinachukulia kwamba mwili umepungukiwa damu. Zinatoa renini, ambayo inakata protini iliyotoka kwenye ini, tunapata angiotensini I yenye asidi amino 10. Kimeng'enya kilichopo kwa wingi kwenye mapafu kinaondoa mbili, inabaki angiotensini II yenye 8. Hii inabana mishipa ya damu na kufanya figo zibakize chumvi na maji.

Kwa mtu aliyevuja damu kwenye ajali, huo ni uokozi. Kwa mwenye moyo uliochoka, ni sawa na kumchapa fimbo punda aliyeelemewa: atasogea hatua chache, halafu ataanguka. Miguu inavimba, pumzi inakata, na angiotensini II hiyohiyo inazinenepesha seli za moyo na kuongeza makovu katikati yake. Msuli wenye makovu haujikunji wala haulegei inavyotakiwa.

Moyo unavyojitetea

Mwaka 1981, Adolfo de Bold na wenzake nchini Kanada waliwadunga panya majimaji yaliyotolewa kwenye vyumba vya juu vya moyo. Panya wale wakakojoa sana, na chumvi nyingi ikatoka. Kumbe moyo si pampu tu, unatengeneza homoni pia! Hiyo ndiyo ANP. Ndugu yake, BNP, ilitambuliwa Japani mwaka 1988 kwenye ubongo wa nguruwe, ingawa hutoka zaidi kwenye vyumba vya chini vya moyo.

Damu ikijaa na kutanua moyo, hizi mbili zinamwagwa. Zinalegeza mishipa, zinatoa chumvi na maji, na ndani ya seli ya moyo zinasaidia msuli kulegea na kupinga unene. Shida ni kwamba kimeng'enya neprilisini kinazivunja.

Dawa zinaingia wapi?

Kaptoprili, iliyotokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili, inazuia angiotensini II isitengenezwe. Mwaka 1987 ndugu yake, enalaprili, ilionyesha kupunguza vifo kwa wagonjwa waliozidiwa. Mwaka 2014 vikaja vidonge vyenye dawa mbili: sakubitrili inayozuia neprilisini, na valsatani inayoifungia mlango angiotensini II. Matokeo yakawa bora kuliko ya enalaprili.

Hapo ndipo somo linapotoka darasani. Mgonjwa akiona miguu imepungua anasema, "Nimepona," anaacha vidonge. Lakini uvimbe kuisha si homoni kunyamaza. Fimbo inaendelea kimyakimya, seli kwa seli.

Kwa hiyo sisi tunaokwenda kufundisha Baiolojia, tukifika mada ya mzunguko wa damu tusiishie kuchora vyumba vinne na mishale. Na ukiwa likizo nyumbani, ukimkuta bibi au baba mdogo ameweka vidonge vya moyo kabatini, usimgombeze. Msimulie habari ya punda na mzigo, halafu mrudishe kliniki.