Sindano, Sinia na Mtungi wa Maji

Swali: "Daktari, huu ni mwaka wa tisa naugua maradhi ya sukari, na muda wote huo dawa yangu ilikuwa vidonge. Mwezi uliopita niliandikiwa sindano ya insulini, asubuhi na jioni. Tangu siku hiyo sina raha, maana majirani wanasema mtu akishaanza sindano basi ajali yake imekaribia. Nyumbani hatuna jokofu, na chakula chetu ni wali na mahamri. Nifanyeje?" — Mama wa Pangani.

Jibu: Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijasema neno juu ya dawa yenyewe nataka tulifungue kwanza hilo fundo la majirani, kwa sababu aliyetiwa hofu moyoni hawezi kushika sindano kwa mkono uliotulia. Hao majirani hawakutunga uwongo. Wamesema walichokiona, ila wamekosea kukifasiri. Zamani, na hata leo katika nyumba nyingi za mwambao wetu, mgonjwa wa sukari hukawia na vidonge vyake, akichanganya na majani ya huku na mizizi ya kule, hata macho yakaingia ukungu na kidonda cha mguu kikakataa kupona, ndipo anapopelekwa hospitali na kudungwa sindano yake ya kwanza. Akafa baada ya miezi michache kwa yale yaliyokwisha kumharibu, na lawama ikaiangukia sindano. Ni sawa na mtu aonaye ngalawa zikirudi pwani kila mvua inapokaribia, akaamini kuwa ngalawa ndizo ziletazo mvua.

Insulini si kitu kigeni mwilini mwako. Umezaliwa nayo, kongosho, ile nyama iliyojificha nyuma ya tumbo la chakula, huitengeneza usiku na mchana ili sukari itokayo katika chakula iondoke damuni na kuingia katika viungo. Katika aina ya sukari inayowashika watu wazima, ambayo ndiyo nadhani unayo wewe, mwili huwa mkaidi usiitii insulini hiyo, na kongosho hulazimika kuzidisha kazi mwaka baada ya mwaka hata ikachoka. Vidonge navyo vina njia mbalimbali: metformini huufanya mwili uwe mtiifu zaidi, ilhali glibenklamaidi huipiga kongosho mjeledi ili itoe zaidi, lakini kisima kikishapungua maji, kuongeza ndoo hakuna faida. Kuandikiwa sindano baada ya miaka tisa si hukumu, wala si adhabu ya mahamri uliyokula. Ni kutiliwa maji kisimani.

Na kama wataka kujua dawa hii ilianzaje, kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepatwa na sukari kali hakuwa na tiba ila kunyimwa chakula, ili kifo kimkawilie kidogo. Januari ya mwaka huo, katika jiji la Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekonda akabaki mifupa na ngozi, alidungwa insulini iliyotolewa katika kongosho ya ng'ombe. Ile ya kwanza haikuwa safi, isimfae kitu. Siku 12 baadaye ikaletwa iliyosafishwa vizuri zaidi, na sukari yake ikashuka. Akaishi miaka 13 mingine. Hiyo ndiyo dawa ambayo jirani zako wanaiita ya kuagia dunia.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kwa kuwa umeambiwa asubuhi na jioni, aghalabu uliyopewa ni insulini ya mchanganyiko, ambayo katika kila sehemu 100, 30 ni ya kufanya kazi upesi na 70 ni ya kufanya kazi taratibu. Itazame chupa, na ikiwa ni nyeupe mfano wa tui la pili, huenda ndiyo hiyo, ila umuulize muuguzi uwe na yakini. Ikitulia hujitenga, sehemu nzito ikaketi chini, kwa hiyo kabla ya kuivuta uizungushe baina ya viganja mara 10 hivi, pasipo kuitikisa. Bomba liwe la insulini lenye alama ya 100, sawasawa na chupa yako. Hudungwa nusu saa kabla ya kula, na hapo ndipo lilipo jambo zima: sindano na sinia wamefungwa kamba moja, na ukimtanguliza mmoja, mwenzake hana budi kumfuata. Ukishajidunga usitoke kwenda sokoni, wala usikae barazani ukimngoja baba watoto arudi ndipo mle. Chakula kiwe kimekwisha kuiva. Siku ya homa au kutapika usijikatie shauri la kuiacha sindano kwa kuwa hukula, bali nenda kliniki siku ile ile. Vidonge vya metformini usiviache ila umeambiwa, na uvimeze pamoja na chakula ili tumbo lisikusumbue. Glibenklamaidi uiulizie, kwani pamoja na insulini yaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Mahali pa kudunga ni tumboni, vidole viwili mbali na kitovu, au pajani kwa nje. Hamahama. Nimewaona kina mama wengi wakishikilia doa moja kwa sababu limekwisha kufa ganzi, pakafanya bonge lisilouma, na ndani ya bonge hilo dawa hupotea kama maji mchangani.

Habari ya jokofu isikutie simanzi. Chupa ambazo hazijafunguliwa hutakiwa zikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, basi omba kliniki ikuwekee, au jirani mwenye jokofu, uwe ukichukua moja moja. Ile inayotumika yaweza kukaa nje ya jokofu takriban wiki nne mahali pa baridi pasipofika jua. Iandike tarehe ya kufunguliwa. Na mahali hapo pa baridi, mtungi wa bibi zetu ndio nisemao. Chukua chungu kikubwa na kidogo, kidogo ukitie ndani ya kikubwa, na baina yao ujaze mchanga uliolowana. Chupa iingie katika mkebe wenye kifuniko, mkebe uingie katika chungu kidogo, juu ukafunike kitambaa kilichorowekwa, kisha vyote uviweke kivulini penye upepo na kuutia mchanga maji asubuhi na jioni. Maji yakipaa kwa kupita katika udongo huondoka na joto. Sitakuficha kwamba Pangani hewa imejaa unyevu wa bahari, na mtungi hauwezi kupoza kwako kama upozavyo Dodoma. Hata hivyo, mwaka 2021 Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa kufuata joto la nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, ambako hupanda hadi nyuzi 37 na kushuka hadi 25, nao wakaona insulini iliyokaa wiki nne katika hali hiyo imebaki na nguvu zake. Kinachoiua bila ya msamaha ni jua la dirishani na barafu. Nilipata kumtibu mzee mmoja ambaye sukari yake haikushuka hata tulipomzidishia dawa, tukastaajabu, hata siku moja akaniletea chupa yake niione: mkewe, kwa mapenzi, alikuwa akiihifadhi kwenye barafu pamoja na samaki.

Nije kwenye wali, ambao najua ndio ulionuia kuuliza tangu mwanzo. Usiuage, ila jitenge na sinia. Ukila katika sinia moja na watoto huwezi kujua umekula kiasi gani, na ustaarabu wetu wa kumsogezea mgeni na mgonjwa upande wa kwake unamuua mgonjwa taratibu. Pakua katika sahani yako mwenyewe: nusu yake iwe mchicha, bamia, kisamvu au matembele, robo iwe samaki au kunde, robo inayobaki ndiyo ya wali, au ugali wa dona, au muhogo, mojawapo, si vyote. Kiasi hicho kisibadilike sana siku kwa siku, kwani dozi yako imekadiriwa juu yake. Mahamri ni unga mweupe, sukari na mafuta, tena huliwa na chai ya sukari. Moja siku ya Ijumaa, na chai uinywe kwa tangawizi na iliki. Asali na sukari guru ni sukari, waambie wote wanaokuletea kwa nia njema. Chungwa lile, usilikamue.

Miguu itazame kila usiku, hata katikati ya vidole, na usitembee peku. Na kama wewe ni mfungaji, muone daktari wako mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani. Mwenye kutumia sindano mara mbili kwa siku yumo katika hatari kubwa, na sheria yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Ukiwa na kipimo cha nyumbani, tarakimu za asubuhi kabla ya kula ziwe baina ya 4 na 7, na saa mbili baada ya kula zisipite 10. Ziandike katika daftari uende nalo kliniki. Zikiteremka chini ya 4, au mikono ikikutetemeka, jasho la baridi likikutoka, ukawagombeza watoto pasipo sababu, usingoje kupima wala kupika. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu gilasi ya maji, unywe, ungoje dakika 15. Hali isipotengenea unywe tena, kisha ule. Halwa haifai kwa kazi hii, kwa sababu samli yake huichelewesha sukari. Wenzako nyumbani uwaonye kwamba wakikukuta umezimia wasikumiminie kitu kinywani, bali wakulaze ubavu na kukukimbiza hospitali. Na ile sukari uliyoifukuza katika chai, sasa utembee nayo: ifunge katika karatasi ya nailoni, uifundike kwenye pindo la kanga, na sisimizi wakiigundua, funga nyingine.